Majaji wa tamasha la sanaa nao wapandishwe jukwaani na washindi, au waishie bahasha na soda?

MwanaDunda
Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo linanikera naomba tulijadili kwa uwazi. Kata yetu huwa tunafanya tamasha la sanaa, ngoma, vinyago, uchoraji, ngonjera za watoto wa shule, mambo ya kawaida tu, turubai mbili na spika za kukodi. Siku ya kilele washindi wanaitwa mmoja mmoja, mgeni rasmi anawapa mkono, cheti, ile hundi kubwa ya bango, picha, vigelegele. Safi kabisa sina tatizo na hilo. Sasa majaji, watu wazima waliokaa pale toka asubuhi na karatasi za alama, jua likawafuata mpaka wakahamisha meza wenyewe, MC akasema "tuwashukuru pia na majaji wetu", makofi kidogo, DJ akapiga wimbo, imeisha hiyo. Hata majina hayakutajwa. Mmoja wao ni mzee ambaye nusu ya waliocheza siku ile kawafundisha yeye kupiga ngoma. Alikunja karatasi zake akaweka mfuko wa shati akaenda kusimamisha bodaboda.

Msimamo wangu ni huu: huwezi kumheshimu mshindi huku umemficha aliyesema kashinda. Cheti cha nafasi ya kwanza kina uzito gani kama hakuna anayejua ni nani kaangalia, kaangalia nini, na anaijua vipi kazi hiyo? Kamati inakaa karibuni na mimi nimo, nataka nipeleke hoja majaji watajwe, wapandishwe, wavishwe na wapewe vyeti siku ileile na washindi. Kwenu inafanyikaje?

Kapeto
Naunga mkono hoja. Ila bahasha isisahaulike mkuu, cheti hakiliwi.

NgoshaWaKisesa
Mwana Dunda mimi nitakupinga kwa heshima zote. Kwetu Usukumani tamasha kubwa kuliko yote ya ngoma halina jaji hata mmoja na lina heshima kuliko hayo ya vyeti. Njoo Bujora pale Kisesa mwezi wa sita kwenye Bulabo ujionee. Kuna pande mbili, Wagika na Wagalu, zilitokana na wakongwe wawili wa zamani Ngika na Gumha, na kila kikundi cha ngoma lazima kiwe upande mmojawapo. Siku ya mashindano vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Anayevuta watu wengi kashinda. Hakuna karatasi, hakuna vigezo, hakuna mtu wa kumlalamikia. Ukiona umati unakukimbia katikati ya wimbo unajua mwenyewe hali yako, unabadilisha wimbo pale pale, unaleta chatu, unaleta fisi, unapanda miti mirefu, unafanya unaloweza mpaka warudi. Sasa hapo utamheshimu jaji gani? Jaji ni mimi na mama yangu na watoto.

Kidundulima
Kwa hiyo Ngosha anayeleta chatu mnene ndo msanii bora wa mwaka, haya tumekuelewa

NgoshaWaKisesa
Hahaha sikia wewe, chatu asiyechezewa vizuri hata watoto hawamwangalii. Watu wamezaliwa wanaona nyoka, wanajua nani anacheza na nani anatisha watu tu. Na usije ukasahau na dawa, kila upande una mganga wake na wanaamini kabisa umati unavutwa na dawa. Ukishindwa hulalamikii uamuzi, unasema mganga wa wale alikuwa mkali.

Bint_Mkomani
Salamu kutoka Lamu. Mimi naona mnabishana vitu viwili tofauti. Kwetu kwenye tamasha la utamaduni la mwezi wa kumi na moja kuna mashindano ya punda pale baharini mbele ya mji, kuna jahazi, kuna bao, kuna hina. Punda hahitaji jaji, aliyefika mbele kafika na mji mzima umeona. Jahazi vivyo hivyo. Bao hata ukiwa na jaji wazee wote waliozunguka wanahesabu kete kwa macho. Lakini hina jamani! Hina lazima iwe na mtu anayeijua. Mtu wa kawaida anaona maua yamejaa mkono anasema maashallah, anayejua anangoja ikauke, ibanduliwe, aone mpaka wa kila jani umekaa au umevuja, aone kidole gumba kimepakwa sawa na vidole vingine maana gumba ndipo wanapochoka, aone kama rangi ni ya hina yenyewe au mtu katia piko, ile rangi nyeusi ya dukani, chini akaficha. Mwanamke anayeweza kuyaona hayo amepaka maharusi miaka na miaka. Huyo asipotajwa jina mbele za watu ni dhuluma. Nipo na Mwana Dunda.

TangaRaha
Ngosha kasema kweli kuhusu umati lakini hajasema gharama yake. Huku pwani tulikuwa na ngoma ya beni, pande mbili, Marini na Arinoti, toka enzi za Mjerumani zikaenda mpaka za Mwingereza, zilienea Tanga, Dar, mpaka bara huko. Nguo za kijeshi, vyeo, gwaride, tarumbeta na karamu. Na zile hazikuwa na jaji, kila upande unataka kuuzidi mwingine, leo hawa wamechinja ng'ombe kesho wale wachinje wengi zaidi, sare mpya, vyombo vipya, watu wakaingia madeni kwa ajili ya ngoma. Kisa hakuna wa kusema basi, fulani kashinda, nendeni nyumbani. Mimi kwa mtazamo wangu jaji aliletwa ili ushindani uwe na mwisho wake. Hiyo ndiyo kazi yake na kwa kazi hiyo anastahili kiti cha mbele.

Mzee_wa_Hoja
TangaRaha hapo sikubaliani. Jaji aliletwa na shule na serikali za kikoloni, walitaka mambo ya fomu na alama. Kwaya za mashule ndizo zilizoleta alama mia, sisi ngoma zetu tulikuwa tunatunza tu, ukipendezwa unatoa hela unamwekea mchezaji kwenye paji la uso, unamvisha kanga, mambo yamekwisha. Heshima ya msanii ilikuwa palepale mikononi mwa watu. Jaji ni mgeni kwenye utamaduni huu ndiyo maana hatujui tumfanyie nini.

TangaRaha
Na mshairi aliyekuwa anajibiwa gungu lake, yaani shairi la mafumbo, mbele ya wazee wakasema huyu kashinda, wale wazee walikuwa nani kama si majaji?

Mzee_wa_Hoja
Wazee si majaji. Mzee hana karatasi.

MwlKwaya_Kilifi
Habarini. Kwa kuwa kwaya imetajwa wacha niseme, mimi ni mwalimu wa muziki upande wa Kenya. Tamasha letu la muziki la kitaifa lilianza 1927, ni la zamani sana, na kuna jambo moja linafanyika pale ambalo naona ndilo jibu la mwenye uzi. Kundi la kwaya zote za daraja moja zikimaliza kuimba, jaji anasimama mbele ya ukumbi anaeleza kwaya moja baada ya nyingine. Nyinyi wa kwanza mliingia kwa sauti ya juu mno soprano wakabanwa, nyinyi wa pili tenor wenu walimeza maneno, mwalimu wenu alikuwa anahesabu kwa kichwa. Halafu ndiyo anatoa nafasi. Ukumbi unakuwa kimya watoto wanaandika. Sijaona heshima kubwa kuliko ile kwa jaji, mamia ya watu wanamsikiliza akitaja sababu, na wanaotoka wa mwisho wanajua kwa nini. Kumvisha kanga ni sawa lakini mpeni kwanza maikrofoni.

Kidundulima
Hii ya maikrofoni nimeipenda. Ila majaji wengine ukiwapa maikrofoni mtalala hapo hapo uwanjani

Sizitaki_Mbichi
Mnaongea kama vile majaji wote ni malaika. Niwape upande wa pili. Mjomba wangu aliitwa kuwa jaji wa ngoma kijijini, mtu mwadilifu kabisa, kikundi kilichoshika nafasi ya pili kilikuwa cha kitongoji chake mwenyewe. Wiki hiyohiyo dukani wakaanza kumuuzia mwisho baada ya wote, kisimani mkewe akawa anasemwa, msibani akakaa peke yake kwenye mkeka. Mpaka anahama msikiti wa kuswalia ndo watu wakatulia. Sasa wewe Mwana Dunda unataka umpandishe jukwaani, umtaje jina la baba na la babu, umpige picha irushwe kwenye makundi ya WhatsApp, halafu alale wapi usiku? Mimi naona kuwaficha ni kuwalinda. Mtu ahukumu, alipwe nauli na chakula, jina lake libaki kwenye faili.

MwanaDunda
Sizitaki pole kwa mjomba. Lakini hebu angalia, kijiji kizima kilimjua hata bila kutajwa. Kufichwa hakukumsaidia, alibaki peke yake bila mtu wa kamati kusimama na kusema huyu ni mtu wetu tumemwita sisi na tunamheshimu. Kumheshimu mbele za watu ni kumwekea kinga.

Sizitaki_Mbichi
Kinga ya cheti haimzuii mwenye duka kukuuzia mwisho mkuu

Kapeto
Hapo dawa ni kuleta majaji kutoka wilaya nyingine. Wakimaliza wanapanda Costa wanaondoka.

NgoshaWaKisesa
Aje mtu wa wilaya nyingine anihukumie bugobogobo, ngoma yetu ya majembe? Jembe lenyewe linavyorushwa hajui.

Mpingo_Halisi
Nimesoma uzi wote, mimi ni mchongaji wa pale Mwenge, Dar, na nina asili ya Mtwara. Mmesema sana ngoma, sanaa ya mikono haijaguswa vya kutosha, wacha nielezee jaji anavyofanya kazi maana wengi hawajawahi kumwona kwa karibu.

Tulikuwa na mashindano ya vinyago, vilipangwa juu ya meza ndefu. Kulikuwa na kinyago kimoja cha ujamaa, watu wamebebana kwenda juu, cheusi kinang'aa, wageni wote wanakipiga picha. Jaji mmoja mzee wa Kimakonde hakukiangalia usoni kabisa. Alikigeuza kichwa chini akaangalia kitako. Akapitisha dole gumba kwenye mikunjo polepole, akasimama sehemu moja akarudia, palikuwa na ufa umezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Akatoa kitambaa cheupe akakilowesha mate akasugua mgongoni, kitambaa kikatoka na weusi. Halafu akaomba ndoo ya maji. Mpingo ule moyo wake ni mzito unazama, mbao nyingi zilizopakwa kiwi zinaelea. Kikaelea. Watu waliokuwa wanashangilia wakanyamaza. Kilichoshinda kilikuwa kidogo, kimekaa pembeni, hata hakikupakwa mafuta ya kung'arisha, lakini ukikishika unajua patasi ilipita mara moja haikurudi.

Umati wa Ngosha ungekipa ushindi kile cha kiwi. Na mnunuzi aliyenunua cha kwanza siku hiyo alijua kanunua nini kwa sababu ya mzee yule na ndoo yake. Jina lake halikuandikwa popote kwenye tangazo la matokeo, yaliandikwa ya wadhamini.

Bint_Mkomani
Mpingo Halisi umenifurahisha, ndoo ya maji ndiyo hina ikauke yenu.

Mzee_wa_Hoja
Mpingo hapo umejibu swali la udanganyifu wa mbao, hujajibu swali la sanaa. Kujua mpingo ni ufundi wa mbao hata seremala anajua. Inasimuliwa Samaki Likankoa miaka ya 1950 alipoanza vile vinyago vya shetani, chanzo ni kinyago kilichovunjika akakigeuza kuwa kiumbe cha ajabu. Ungempelekea mzee wako na ndoo, angesema huyu mtu ana jicho moja na mkono hauko mahali pake, alama sifuri. Jaji anahukumu kwa kilichokwishajulikana. Mpya inaamuliwa na anayeinunua na wanaoiga baadaye.

Mpingo_Halisi
Mzee wangu angemjua. Wamakonde walikuwa wanazo hadithi za hao viumbe kabla hata ya kuwachonga. Wewe ndo ungempa sifuri.

Stone_Townie
Mada tamu. Huku Zanzibar tuna mifano yote miwili. Tamasha la muziki la Sauti za Busara toka 2004 halina mashindano kabisa, msanii anaitwa anapiga Ngome Kongwe anashuka, heshima yake ni kuwa kaitwa. ZIFF, lile tamasha la filamu, yenyewe ina tuzo, Jahazi la Dhahabu, watu wa Forodhani ndo wanapiga kura.

DaladalaYaAmani
Stone Townie hapana. Jahazi la Dhahabu linatolewa na jopo la majaji siyo kura za Forodhani. Tena pale huwa kuna jopo zaidi ya moja, SIGNIS ambao ni watu wa mawasiliano wa Kikatoliki huwa na jopo lao wanatoa tuzo yao kando. Tamasha lilianzishwa 1997 na la kwanza likafanyika 1998. Majaji wa filamu hutangazwa majina na walikotoka, wanakaa mbele, wanaitwa jukwaani usiku wa tuzo. Kwa hiyo anachotaka mwenye uzi si kigeni hapa hapa kwetu, kinafanyika kwenye filamu ila hakijashuka kwenye kata.

Stone_Townie
Sawa nimekupata. Ila hizo za filamu zina wadhamini.

Kidundulima
Na Bi Kidude je, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipewa tuzo na jaji gani? Alikwenda Ulaya 2006 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huku kwetu alikuwa anapiga harusi za mtaani

DaladalaYaAmani
2005 siyo 2006. Na hilo ulilosema linauma kwa sababu ni kweli, alikuwa amekwisha kuwa bibi kizee ndipo dunia ikasimama. Ila usiseme kwetu hakuheshimiwa. Mitaani aliheshimiwa na wanawake aliowachezea unyago kabla ya hao wa WOMEX kumsikia.

Mzee_wa_Hoja
Ahsante. Umati.

Rangi_ya_Bati
Jamani naomba nafasi na mimi, ni mchoraji wa kike, nachora kwa rangi za bati staili ya Tingatinga na nyingine zangu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianzia pale Morogoro Stores Oysterbay kwa kuuza tu kwa wapita njia, akafariki 1972, hakuna jaji aliyemtengeneza, kwa hiyo namwelewa Mzee wa Hoja. Lakini nina kisa kimoja. Nilipeleka picha kwenye maonyesho ya manispaa fulani, sikushika hata nafasi ya tatu. Kamati haikusema kitu. Jaji mmoja mwanamke aliniita pembeni akanirudishia karatasi yangu, nyuma aliandika kwa peni, "macho ya twiga huyu umeyachora kwa kukariri, nenda kawaangalie twiga." Nilikasirika sana. Halafu nikaenda kweli kuwaangalia. Twiga ana kope ndefu ajabu na jicho limetokeza pembeni, anaona nyuma bila kugeuka, sisi wote tulikuwa tunamchorea jicho la binadamu. Ile karatasi ninayo mpaka leo imegandishwa ukutani nyuma ya mlango, vyeti nilivyopata baadaye sijui viko wapi. Kwa hiyo Mwana Dunda kama mnataka kuwaheshimu majaji wapeni muda wa kuandika. Wanapewa dakika chache kwa kila kazi halafu karatasi zenyewe zinakusanywa na kutupwa. Ya kwangu nilipewa kwa huruma ya mtu mmoja tu.

MwlKwaya_Kilifi
Rangi ya Bati umesema vizuri kuliko mimi. Karatasi ya jaji irudi kwa msanii.

AfisaUtamaduniMstaafu
Nimekuwa kwenye kazi hizi kwa muda mrefu niseme wazi. Hakuna aliyekataa kuwaheshimu majaji. Tatizo ni saa. Ratiba inasema mgeni rasmi saa nane, anafika saa kumi. Anatambulishwa yeye, msafara wake, madiwani, wenyeviti wa mitaa, wadhamini, kila mmoja itifaki imezingatiwa halafu anahutubia. Giza linaingia, taa ni mbili, watoto wa ngonjera wanalia njaa, kitu cha kwanza kinachokatwa ni maelezo ya majaji na cha pili ni majina yao. Nimeona mara nyingi matokeo yanasomwa mgeni rasmi akiwa tayari anaelekea kwenye gari. Mkitaka jambo hili lifanyike toeni matokeo ya majaji ASUBUHI ya siku ya pili, hata wakiwa watu wachache, au kabla mgeni hajafika. Hata sheria ya BASATA ya 1984 ilituwekea baraza la kusimamia sanaa lakini haiwezi kumzuia mgeni rasmi asichelewe.

Kapeto
Hahaha afisa umemaliza. Mgeni rasmi ndo adui wa sanaa namba moja.

AfisaUtamaduniMstaafu
Sikusema hivyo kijana, ndiye anayeleta hela ya spika. Nasema saa zake.

Sizitaki_Mbichi
Bado hamjajibu la posho. Jaji akivishwa mgolole na kupewa zawadi nono na kikundi au mdhamini mwaka huu, mwakani akirudi atahukumu kwa haki? Heshima ikizidi inakuwa hongo ya mbele. Kule kwetu mdhamini mmoja aliwapa majaji simu, binti wa mdhamini alikuwa kwenye kikundi cha maigizo, malizieni wenyewe.

TangaRaha
Hapo nakupa haki yako Sizitaki. Zawadi itoke kwa kamati na itangazwe kabla, yenye thamani ndogo. Kanga jozi moja na cheti vinatosha, hakuna atakayeuza haki kwa kanga.

Bint_Mkomani
Inategemea kanga gani 😄 Na jina la kanga walichague wanawake, msije mkamvisha jaji kanga ya mafumbo mji mzima ukatafsiri.

NgoshaWaKisesa
Haya tuseme mmeshinda kwenye vinyago na hina, nakubali mkono unahitaji jicho la fundi. Kwenye ngoma sibadiliki. Waweke majaji lakini umati nao upewe alama zake, nusu kwa nusu.

Mpingo_Halisi
Utazihesabuje hizo za umati?

NgoshaWaKisesa
Kamba mbili uwanjani. Watu wakae wanakotaka.

MwanaDunda
Wakuu nawashukuru, nimeandika mengi. Kwenye kamati napeleka haya: majina na kazi za majaji zibandikwe ofisi ya kata kabla ya tamasha, kila jaji aseme sababu japo kwa kifupi, karatasi zirudi kwa wasanii, na wapande jukwaani kabla mgeni rasmi hajaanza kuhutubia. Kanga zitolewe na kamati. Kamba za Ngosha nitazitaja kwenye mengineyo. Kilichobaki ni uchoraji, kata nzima hatuna mtu ambaye wachoraji wenyewe watakubali awahukumu.

Rangi_ya_Bati
Wachoraji wahukumiane. Kila mmoja apange kazi za wenzake, yake asiiguse.

Sizitaki_Mbichi
Weee, hapo ndo mtaona vita.

Rangi_ya_Bati
Kibandani tunafanya hivyo kila jioni bila cheti. Mwana Dunda mnafanya lini hilo tamasha, na mlango wa kuingiza kazi unafungwa tarehe ngapi?